Uzito wa Mama
Amri ya kuwaheshimu baba na mama, ambayo Wakatoliki huihesabu kuwa ya nne na Waprotestanti walio wengi kuwa ya tano, hutumia kitenzi cha Kiebrania, kabed, ambacho asili yake ni uzito, hivyo kwamba kumheshimu mama ni kumpa uzito katika maamuzi na katika matumizi ya mali, wala si kumsifu kwa maneno tu. Ndiyo maana Yesu, katika sura ya 7 ya Injili ya Marko, aliwakemea waliotangaza mali zao kuwa korbani, yaani wakfu kwa Mungu, na kwa hila hiyo wakawanyima wazazi matunzo.

Fundisho hilo lina mahali pake Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kilicho kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe mkoani Kigoma, kwa kuwa katika mwambao huo wanaume huvua dagaa kwa taa usiku wa giza, na kunapopambazuka akina mama huwaanika ufukweni, huwageuza juani na kuwaokoa mvua inapotishia, kazi ambayo ni nadra kutajwa mapato yanapogawanywa. Nyimbo za Siku ya Mama kanisani ni njema, lakini hazitoshi. Hata msalabani, Yohana aeleza katika sura ya 19, Yesu alimtafutia mama yake makao. Basi Mkristo apelekaye zaka na aangalie kwanza kama paa la mama yake linavuja.