Jiwe Hai, Jiwe Kavu

Kazi yangu ni kutunza matangi ya samaki. Nalala Kawangware, navuka kwenda Lavington, na huko mzee mmoja amenunua tangi la lita 400, anataka kipande cha bahari sebuleni. Swali lake lilikuwa fupi: "Fundi, tuweke mawe hai ama makavu?"

Jibu la kunifaa mimi nililijua. Kwa mawe hai kazi huisha haraka, nalipwa, na landilodi anaacha kunipigia simu. Jibu la haki ndilo lilinisumbua.

Kwanza, jiwe hai lenyewe haliko hai. Ni mifupa ya matumbawe yaliyokufa zamani, iliyotolewa baharini ikiwa imejaa wapangaji: sponji, minyoo, kaa wadogo, mwani, na bakteria wasioonekana. Bakteria ndio wenye kazi. Uchafu wa samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi. Jiwe kavu ni mifupa ileile, ila nyumba ni tupu. Huwa nafuu na haliji na wadudu wasumbufu, lakini utangoja wiki kadhaa, pengine miezi, wapangaji wahamie.

Nikamwambia mzee kwamba jiwe hai la baharini huacha pengo lilikotoka, na mwamba haujazi pengo kwa msimu mmoja. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa. Mkataba wa CITES unadai kibali ndipo mawe kama hayo yavuke mpaka. Lakini kibali hujibu swali la askari wa forodha. Langu kilikuwa hakijalijibu.

Mzee akacheka. "Kijana, Lamu yote si imejengwa kwa matumbawe?"

Alikuwa na hoja. Wajenzi wa pwani walichimba mawe ya matumbawe ya kale nchi kavu kwa ajili ya kuta. Kwa nakshi za mihrabu na vidaka, walikata matumbawe mabichi baharini yakiwa bado laini. Kwa hivyo hata wao walichukua uhai. Siwezi kujifanya nimewazidi usafi. Ninachoweza kuuliza ni hiki: je, kutotaka kungoja ni sababu ya kutosha?

Hapo nikamkumbuka rafiki yangu. Julai 2018, matingatinga yalipopita Kibera kufungua njia ya barabara, nyumba yao ilienda. Akapata chumba huku Kawangware, cha mawe, kizuri kuliko kile cha mabati. Lakini mama mboga hakumjua, hivyo hakuna deni la sukuma. Hakukuwa na jirani wa kumwachia mtoto, wala chama cha kumchangia akiugua. Chumba kilikuwepo, mtaa haukuwepo. Ulichukua karibu mwaka mzima kuota, na ulianza na mtu mmoja: dada wa kule Kibera aliyekuwa ameshahamia ploti ya pili, akamtambulisha kwa wengine.

Sisemi watu ni bakteria. Nasema tu kwamba anayeng'oa mahali huhesabu mawe, kwa sababu mawe yanahesabika. Kilichokuwa kinafanya kazi katikati ya mawe hakiandikwi kwenye risiti yoyote, na hukijua siku kinapokosekana. Mimi nimeona kinavyokosekana. Nikimuuzia mtu njia ya mkato kama hiyo kwa sababu ya kodi, nitakuwa najua ninachofanya.

Nikamshauri mzee aweke mawe makavu, na kipande kimoja kidogo kutoka tangi lingine ninalotunza, ambalo limekomaa na mwenyewe amekubali kutoa. Bakteria wataanzia hapo. Bahari haitaguswa tena kwa ajili yetu.

"Na tutangoja?" akauliza.

"Tutangoja, mzee."

Hii ni wiki ya tatu. Taa zinawaka, maji yanazunguka, hakuna samaki hata mmoja. Kila Jumamosi mzee hunipigia kuuliza kama tayari. Landilodi naye hunipigia.