Ile Saa ni ya Nani?
Maharage yanayokaa mafigani saa mbili na zaidi, jiko la presha la umeme huyaivisha ndani ya saa moja. Mkakati wa taifa uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Sawa kabisa. Ila huku Bariadi, ambako mabua ya pamba bado ni kuni, mimi nauliza: ile saa iliyookolewa ni ya nani? Tunajibu haraka kwamba mama atafanya kazi nyingine. Kazi nyingine tena! Kwa nini asikae tu? Baba akishinda kwenye bao hatumuulizi anazalisha nini. Saa ni ya mama, hata akiamua kulala. Lakini anayeamua LUKU inunuliwe lini, mara nyingi ni huyo huyo wa kwenye bao.