Kujitegemea na Kipimo Chake

Kipimo cha Barthel, kilichochapishwa nchini Marekani mwaka 1965, humpa mtu alama kuanzia 0 hadi 100 kwa kadiri anavyoweza kula, kuoga, kuvaa na kutembea bila msaada, hata anayehitaji kukatiwa chakula hupata alama 5 badala ya 10. Kwa tabibu anayefuatilia nafuu ya mgonjwa wa kiharusi, hesabu hiyo ina manufaa ya kweli. Lakini ikifanywa kipimo cha kujitegemea kwenyewe, hubeba dai zito la kifalsafa, yaani kwamba aliye huru ni yule asiyehitaji mkono wa mwenzake. Ed Roberts, aliyepoozeshwa na polio na kupumua kwa msaada wa mashine, angepata alama chache mno, ilhali alikuwa miongoni mwa waasisi wa Kituo cha Maisha ya Kujitegemea mjini Berkeley mwaka 1972, ambako kujitegemea kulieleweka kuwa ni mamlaka ya kuamua: kuamka saa ngapi, kuogeshwa na nani, kwenda wapi.

Ushiriki, yaani kuhusika kwa mtu katika maisha ya jamii yake, ni mgumu zaidi kupimika. Kiziwi aliyehudhuria kila mkutano wa kijiji pasipo mkalimani wa lugha ya alama huandikwa kwenye mahudhurio kama wengine, na hakuna safu ya daftari inayouliza kama alielewa kilichoamuliwa, wala kama alitaka kukipinga.