Mkukusu wa Kilimanjaro na Mwerezi wa Lebanoni

Neno la mwezi huu: Ezekieli 31:1–14



Nabii Ezekieli alipotumwa kumwonya Farao, mfalme wa Misri, hakuanza kwa kutaja majeshi wala magari ya vita. Alianza na mti. Alimwonyesha mwerezi wa Lebanoni, mrefu kupita miti yote ya kondeni, ndege wakijenga viota katika matawi yake na wanyama wakizaa chini ya uvuli wake. Wengi wetu hatukuuona mwerezi ule. Lakini Mungu ametupa mti mwingine katika nchi yetu, nao watosha kutufundisha.

Katika mabonde ya msitu wa Kilimanjaro, mbali na njia za watu, husimama mti uitwao mkukusu. Wenye elimu ya mimea huuita Entandrophragma excelsum, na neno lile la pili ni la Kilatini, maana yake ni ulioinuka juu. Ni wa jamaa moja na mkangazi na mwarobaini. Shina lake limenyoka, nalo hupanda mbali sana kabla ya kutoa tawi la kwanza. Majani yake hukusanyika kwenye ncha za matawi, na kila kikonyo huchukua vijani vingi vilivyopangwa huku na huku. Maua yake ni madogo, hata mtu apitaye chini hayaoni.

Bwana Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, pamoja na wenzake, walipima miti 32 ya namna hii tangu mwaka 2012 hata mwaka 2016. Ule mrefu kuliko yote ulifika mita 81.5. Habari hii ilipotangazwa mwaka 2016, haukujulikana mti wa asili ulio mrefu kuliko huo katika Afrika nzima. Shina nene kuliko yote lilikuwa na upana wa mita 2.55, wanaume watano wakinyosha mikono ndio waweza kulizunguka. Umri wa miti hiyo mikubwa wakadiriwa kuwa miaka 500 hata 600. Fikirini basi: wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, ilikuwa imekwisha kuwa mizee. Na Martin Luther alipotoa hoja zake huko Wittenberg mwaka 1517, yamkini ilikuwa miche.

Je, mti huu uliupataje urefu wake? Wataalamu wajibu hivi: ni kwa udongo mnono uliotokana na moto wa mlima wa zamani, na kwa joto, na kwa mvua nyingi. Basi mkukusu haukujipa hata kimoja katika hivyo. Ezekieli naye asema vivyo hivyo juu ya mwerezi, ya kuwa maji ndiyo yaliyoulisha, na vilindi vya chini ndivyo vilivyoukuza. Hakuulaumu kwa kuwa mrefu, kwa maana Mungu ndiye aliyeufanya uwe mzuri. Kosa lilikuwa moyoni: uliona kimo chake, ukasahau maji.

Wewe mwalimu wa usharika, unayejua kusoma kuliko jirani zako, wewe mzee wa kanisa, unayeketi mbele, na mimi ninayeandika, tujiulize: ni nani aliyetunyweshea? Ni nani aliyetufundisha herufi? Ni mama yupi aliyeuza ndizi ili tupate daftari? Mtu akisahau hayo, ameanza kuanguka, ijapokuwa bado asimama.

Nami nina neno la kuungama. Usharika wetu ulipotaka mabenchi mapya, mtu mmoja alituletea mbao nyekundu, nzuri sana, kwa bei ndogo. Tulizisifu, tukatoa fedha. Hakuna aliyeuliza, “Mti huu ulikatwa wapi?” Mimi nami sikuuliza, kwa sababu niliogopa jibu. Tulitaka kanisa letu lipendeze kuliko la jirani. Sasa kila Jumapili niketipo juu ya benchi lile, nakumbuka ya kuwa mti uliokua miaka mia tano huweza kuangushwa kwa siku moja, na hakuna fundi awezaye kuurudisha. Tena maji mengi yanayoshuka katika mifereji yetu hutoka katika ule msitu, wala si katika theluji ya kilele. Aukataye msitu kwa siri akausha kisima cha jirani yake, naye anunuaye bila kuuliza amshika mkono. Huo nao ni moyo ulioinuka: kujipamba kwa kitu kilichokuwa uhai wa watu wengine.

Ezekieli aeleza mwisho wa mwerezi. Wageni waliukata, matawi yake yakaanguka mabondeni, na mataifa yaliyokaa uvulini mwake yakaondoka. Angalieni neno hilo la mwisho. Mkubwa aangukapo, wadogo ndio wanaokosa uvuli.

Lakini mkukusu una somo moja tena. Tunda lake ni gumu kama ubao. Likikauka, hupasuka vipande vitano, na ndani yake mna mbegu zenye bawa. Upepo huzichukua kutoka kule juu, nazo zaenda mbali na shina. Basi urefu ule haukuwa wa bure: mti uliinuliwa hata uweze kutoa mbali. Ndivyo Bwana wetu alivyofanya, aliyekuwa juu ya vyote, akajishusha, akajitoa kama mbegu iangukayo katika nchi.

Kwa hiyo, ndugu, mwezi huu tuulize kabla ya kununua. Tupande mche mmoja, ambao hatutauona ukikoma kukua. Na kila aliyeinuliwa juu ya wenziwe ashukuru kwa maji, kisha atoe mbegu. Amina.