Nani Ashike Mfuko wa Chuo?

Vamizi ni kisiwa chembamba cha wavuvi katika wilaya ya Palma, kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, na wageni wengi walikijua kwa hoteli yake ya kitalii. Wenyeji wanakijua kwa mengine, na mojawapo ni chuo cha Kurani. Kwa desturi ya pwani hii ya Wamwani, mwalimu wa chuo hana mshahara. Huletewa samaki na mpunga, wanafunzi humlimia shamba na kumtekea maji, na mtoto akihitimu wazazi hutoa walichonacho. Mwanafunzi mkubwa huwasomesha wadogo alifu na be, huku yeye mwenyewe bado anasoma.

Je, hayo ni malipo? Na kama ni malipo, yanafaa?

Wanazuoni wamevutana juu ya swali hili kwa karne nyingi. Upande mmoja wana hadithi ya Ubada bin Samit, aliyepewa upinde na mtu aliyemfundisha Kurani, akaonywa na Mtume kwamba kuupokea ni kujivika kola ya moto. Upande wa pili wana hadithi iliyo katika Bukhari, isemayo kwamba Kitabu cha Mungu ndicho kinachostahiki zaidi kuchukuliwa ujira. Mashafi, ambao ndio wengi kutoka Lamu hadi Angoche, waliruhusu. Mahanafi wa mwanzo walikataa, lakini waliokuja baadaye walilegeza kwa sababu ya kidunia kabisa: hazina ya dola ilikuwa imeacha kuwatunza walimu, na mwalimu mwenye njaa angekwenda kutafuta riziki kwingine, Kurani ikabaki bila wa kuifundisha.

Wagiriki nao walikuwa na ugomvi huohuo. Socrates hakutoza ada, na Plato aliwakejeli waliotoza, kama Protagoras. Ni rahisi kuwakejeli, kwani Plato mwenyewe alizaliwa katika ukoo wa kitajiri.

Jibu lililodumu lilikuwa wakfu. Mwaka 1067 waziri Nizam al-Mulk alifungua madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, yenye mali iliyowekwa wakfu kwa ajili ya walimu na wanafunzi. Chini ya mudarisi, yaani mwalimu mkuu, katika madrasa za namna hiyo alikuwapo muidi, mwanafunzi aliyeendelea, aliyelipwa posho ili awarudilie wenzake somo mpaka walielewe. Taj al-Din al-Subki, wa Damascus katika karne ya 14, alisisitiza kwamba muidi lazima afanye zaidi ya kukaa na kusikiliza darasa kama wengine. La sivyo, posho hiyo anaipokea kwa lipi? Mpango huo haujafa. Marekani leo, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Kigiriki na Kilatini aghalabu hulipiwa karo na kupewa posho, naye hufundisha madarasa ya mwanzo.

Inasimuliwa kwamba wanazuoni wa Asia ya Kati waliposikia madrasa za mishahara zimejengwa Baghdad waliiombolezea elimu, kwa hofu kwamba sasa itatafutwa na wenye tamaa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Al-Ghazali, mudarisi wa Nizamiyya tangu 1091, aliiacha kazi mwaka 1095 baada ya kukiri kwamba alifundisha kwa kutaka jina. Hata hivyo, alipogawa mali yake aliwabakishia watoto riziki yao, akisema kwamba hajaona duniani mali inayomfaa zaidi mwanazuoni kuichukulia familia yake kuliko mali ya wakfu ya Iraki. Iliyomtia doa ilikuwa nafsi yake, si mfuko.

Huko Cabo Delgado mfuko umebadilisha mikono mara nyingi. Julai 24, 1975, mwezi mmoja baada ya uhuru, serikali ya chama cha FRELIMO ilitaifisha elimu. Baadaye vijana wa Msumbiji walipata nafasi za masomo Madina na Khartoum, tiketi na posho vikiwa juu ya mfadhili. Wengine walirudi wakipinga maulidi na mambo ya tarika, wakabishana na walimu waliowafundisha alifu. Si haki kuwatupia lawama ya umwagaji damu wa wapiganaji wa itikadi kali ulioanza katika mji wa Mocímboa da Praia Oktoba 5, 2017: Baraza la Kiislamu la Msumbiji, lenye viongozi waliosoma Uarabuni, liliwakana wauaji waziwazi. Lakini ni kweli kwamba anayelipia tiketi huchagua vitabu, na mwalimu wa samaki na mpunga hakuwa na cha kushindania.

Septemba 2020 wapiganaji waliivamia Vamizi yenyewe, watu wakakimbia. Chuo kinachotegemea ndoo ya samaki ya wazazi hakina akiba ya siku kama hizo. Wazazi wakitawanyika, na mwalimu hutawanyika. Wakfu mdogo, hata minazi michache au mashua moja chini ya msimamizi wa kijiji, ungemwezesha kuwakusanya tena wanafunzi bila kuomba mbali. Tatizo la zamani lingebaki palepale: nani amchague msimamizi huyo, na nani amkague.