Mtoto Mgonjwa Tumboni: Nani Amekosa?

Mtoto akizaliwa mgonjwa, wako watu, Lusangi kama pengine pote, waulizao upesi: Nani amekosa? Mmoja humshitaki mama kwa kuvunja mwiko, mwingine humshitaki bibi mzee kwa uchawi. Wanafunzi wa Yezu waliuliza vivyo hivyo juu ya kipofu wa kuzaliwa, naye Bwana hakumtia hatiani kipofu yule wala wazazi wake.

Iko kansa ya damu iitwayo lukemia. Mara chache sana huanza mtoto akiwa bado tumboni. Chembe nyeupe za damu huzidi bila kukomaa, ini na bandama huvimba, na pengine maji hujaa mwilini mwa mtoto. Lakini dalili hizo zaweza kutokana na magonjwa mengine pia. Kaswende ya mama huweza kuvimbisha ini la mtoto vilevile, nayo hutibiwa kwa penisilini. Basi ahukumuye mapema aweza kumpoteza mtoto ambaye sindano ingemponya. Tena watoto wengine wenye ulemavu wa Down huzaliwa na damu ifananayo na ya lukemia, na kwa wengi wao hali hiyo huondoka yenyewe katika miezi michache.

Je, ni halali kumchunguza mtoto kabla hajazaliwa? Mwaka 1987 Roma ilijibu katika waraka Donum Vitae: ni halali, uchunguzi ukiheshimu uhai wake na kukusudia kumlinda au kumponya. Kuchunguza kwa nia ya kumwua akionekana mgonjwa ni dhambi nzito. Kwa hiyo mama mjamzito aende kwa mkunga mapema, apimwe damu, na akitumwa hospitali aende bila aibu.

Na mtoto asiyetazamiwa kupona? Huyo naye ni mtu kamili, hata akiishi saa moja. Hapaswi kuteswa kwa dawa zisizomfaa. Apaswa kupewa joto, maziwa, jina na ubatizo. Akikaribia kufa naye padri yu mbali, mtu yeyote aweza kumbatiza, hata mkatekumeni asiyebatizwa bado, akimmwagia maji na kusema maneno ya ubatizo kwa nia ya Kanisa.

Jirani mwema na aingie nyumbani mwa mama huyo na kuni na maji. Lile ulizo la nani amekosa aliache mlangoni.