Modeli Inayokubali Kila Kitu
SasView, programu ya kuchambua data za mtawanyiko wa miale ya eksirei na nyutroni, humruhusu mtumiaji kuandika modeli yake mwenyewe kwa lugha ya Python. Huorodhesha vigezo, huweka mipaka ya kila kimoja, kisha huandika fomula. Uhuru huo unazaa swali la maadili: nikiongeza vigezo mpaka mstari upite kwenye nukta zote, nimeeleza maumbile au nimejiridhisha tu?

Mwaka 1953 Freeman Dyson alimpelekea Enrico Fermi, huko Chicago, grafu zilizolingana vizuri na vipimo. Fermi aliuliza vigezo vya hiari ni vingapi. Vinne, akajibiwa. Fermi akakumbusha kauli ya John von Neumann kwamba vigezo vinne vyatosha kuchora tembo. Dyson na wanafunzi wake wakahamia utafiti mwingine.

Wapo wanaoilaumu programu. Sikubaliani nao: kompyuta hutafuta thamani tu, vigezo tumeviweka sisi. Kwangu, modeli ya haki ni ile ambayo data zinaweza kuikataa. Kila kigezo kiwe na maana, na msomaji aambiwe idadi yake. Shahidi anayeitikia "ndiyo" kila swali haisaidii mahakama.